Redio ya kujiundia ipimwe kwa mkono wa atakayeitengeneza

Katika miaka michache iliyopita, redio za mawimbi mafupi, za kurushia na kupokea, ambazo mtu hujiundia nyumbani zimepungua ukubwa kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuitarajia. Mwaka 2017 mbunifu Hans Summers wa kampuni ya QRP Labs alitoa redio ya msimbo wa Morse iitwayo QCX, ambayo bodi yake ilikuwa takriban sentimita 10 kwa 8. Kufikia 2020 kazi zile zile zilikuwa zimeingizwa katika kasha la takriban milimita 95 kwa 63 kwa 25, na mwaka 2023 ikaja QMX, ambayo ndani ya kasha la kimo hicho hicho inabeba bendi kadhaa pamoja na mitindo ya kidijitali. Hapa Kisumu, na kwa wenzetu wa Nakuru, Kakamega na Eldoret ninaozungumza nao, habari hizi zimepokewa kwa namna moja: redio njema ni ndogo, na iliyo ndogo zaidi ni njema zaidi. Kijana anayetaka kuanza huuliza kwanza kama itaingia mfukoni, kabla hajauliza itasikika wapi.

Naona tumeielewa vibaya habari hii. Kilichopungua ni sehemu moja tu ya kazi ya redio, ile inayopiga hesabu na kuzalisha masafa. Joto, koili, waya wa angani, betri, masikio na vidole vya binadamu viko pale pale vilipokuwa. Kwa hiyo swali la redio ya kujiundia iwe ndogo kiasi gani halijibiwi kwa kutazama kasha la Summers na kutaka kulishinda. Linajibiwa kwa kuuliza nani ataifungua redio hiyo siku itakapozima, akiwa wapi, na akiwa na zana gani. Kwa mazingira yetu ya magharibi mwa Kenya, nashikilia kwamba redio ya kwanza ya mtu, na redio yoyote ya chama, iwe kubwa kuliko mtindo wa sasa unavyotaka: kasha la takriban sentimita 20 kwa 15 kwa 7, linalofunguka kwa bisibisi moja, ambalo mtu anaweza kuliwasha likiwa wazi na kugusa kiungo chochote kwa ncha ya multimita, yaani kipimo cha umeme, bila kugusa kingine.

Kwa msomaji ambaye mambo haya ni mageni kwake, redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na kanuni za kimataifa, ambamo mtu binafsi mwenye leseni huruhusiwa kurusha mawimbi ili ajifunze na kuwasiliana na wenzake pasipo biashara. Kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ishara ya mwito iliyozoeleka ya Mkenya huanza na 5Z4. Kampuni ya ulinzi au ya teksi hununua mitambo iliyokwisha kupitishwa na wakaguzi. Mwanaridhaa, katika nchi nyingi za dunia, anaweza kuunda mtambo wake kwa mikono yake na kuuweka hewani, mradi abebe jukumu la usafi wa mawimbi yake. Uhuru huo ndio moyo wa shughuli nzima, nami sioni faida ya kuwa nao ikiwa mtambo wenyewe umejengwa kwa namna ambayo aliyeuunda hawezi kuurudia tena.

Hamu ya kuifanya redio iwe ndogo ilianza zamani. Mwaka 1976 Doug DeMaw wa Marekani alichapisha mchoro wa transmita ya transista mbili iliyojengwa juu ya kopo la samaki wa jodari, na tangu siku hizo kopo, hasa kopo dogo la peremende, limekuwa kipimo ambacho waundaji wengi hujishindanisha nacho. Kuna jambo husahaulika katika hadithi hiyo. Kifaa cha DeMaw kilikuwa transmita tu, chenye nguvu isiyofika wati moja. Kusikiliza kulifanywa kwa redio nyingine iliyokaa mezani, ambayo haikuwa ndogo hata kidogo. Udogo ule ulikuwa njia ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba transmita haihitaji vitu vingi. Kopo lilitumika kwa sababu lilipatikana kila nyumba na lilikuwa la chuma. Sisi tumechukua kopo na kuacha sababu yake.

Mfano unaotufaa zaidi unatoka Hyderabad, India. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ashhar Farhan alibuni redio ya sauti iitwayo BITX, akiichora kulingana na vitu ambavyo mtu angeweza kuvipata katika maduka ya nchi yake: transista za kawaida, kristali za bei nafuu, na baadhi ya koili zikazungushiwa kwenye washa za nailoni za bomba la maji. Miaka mingi baadaye, alipotoa uBITX yenye bendi zote za mawimbi mafupi, bodi yake ilikuwa takriban sentimita 15 kwa 14, na mabamba ya kupozea yakiwa yamesimama juu yake. Farhan alikuwa na uwezo wa kuipunguza. Aliiacha na nafasi ili maelfu ya watu wasiomjua waweze kuifungua, kuikata njia za shaba, kuongeza kichujio, kubadilisha transista, na kumwandikia wakimweleza walichokiona. Maboresho mengi ya redio ile yalitoka kwa watumiaji wenyewe, na yalitoka kwao kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuweka ncha ya chuma cha kulehemu.

Wanaotetea udogo wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba teknolojia yenyewe imehama. Chipu ya Si5351, ambayo leo huzalisha masafa katika karibu kila redio ya kujiundia, ina upana wa milimita 3 kwa 3 na miguu 10 iliyoachana kwa nusu milimita, lakini hutoa masafa matatu kwa wakati mmoja, hadi kupita megahezi 100. Kazi hiyo zamani ilihitaji koili kubwa, kapasita ya kuzungusha na sanduku la kuvizuia visiyumbe kwa joto. Kung'ang'ania vitu vile vya kale kwa sababu tu vinaonekana kwa macho ni kujinyima. Ya pili, viwanda vinaacha kutengeneza vipuri vyenye miguu mirefu. Chipu nyingi mpya hutoka katika umbo la kubandikwa juu ya bodi tu. Ya tatu ni gharama. Kifurushi chepesi hupita posta kwa nauli ndogo, na kwa mwanafunzi wa Maseno au Egerton tofauti hiyo huamua kama ataanza mwaka huu au hataanza kamwe. Na wapo wanaopanda Mlima Elgon au kuzunguka ukingo wa Menengai na redio mgongoni. Hao kila gramu wanaihisi.

Ninazikubali zote nne, kila moja mahali pake. Lakini hakuna hata moja inayogusa joto.

Chukua IRF510, transista ambayo kwa miaka mingi imekuwa farasi wa kazi wa wanaojiundia redio kwa sababu ni rahisi na hupatikana. Karatasi ya watengenezaji wake inasema kwamba ikisimama peke yake hewani, bila bamba la kupozea, kila wati inayogeuka kuwa joto hupandisha kiini chake kwa takriban nyuzi 62 juu ya joto la mahali ilipo, na kiini hicho hakipaswi kupita nyuzi 175. Alasiri ya Kisumu hufika nyuzi 30 bila shida, na chini ya paa la mabati huzidi. Wati mbili tu za joto zinakufikisha nyuzi 154. Sasa fikiria redio ya sauti inayotoa wati 10 kwa jozi ya transista hizo, zikifanya kazi kwa ufanisi wa nusu kwa nusu, ambao ni wa kawaida kwa kipaza nguvu cha sauti. Wakati sauti ikiwa kileleni, kila transista inatupa wati 5 za joto. Bila bamba, hesabu inakupa nyuzi zaidi ya 300, maana yake transista imekwisha kufa kabla hujamaliza kutaja jina lako. Lazima pawe na alumini, alumini iwe na eneo, na eneo liguse hewa inayotembea. Ukiifungia transista hiyo katika kopo lisilo na tundu, kopo linageuka sufuria yenye mfuniko.

Mtu atauliza: mbona basi QCX ni ndogo na haiungui? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloonyesha tulivyokosea kusoma. QCX hutumia transista tatu ndogo katika mpangilio unaoitwa daraja E, ambapo transista huwaka na kuzima kama swichi, na ufanisi wake hupita asilimia 80. Ikitoa wati 4, joto halifiki wati moja. Ni ufundi wa hali ya juu, lakini umejengwa kwa ajili ya Morse, ambayo ni kuwaka na kuzima tu. Sauti ya binadamu hupanda na kushuka, na swichi haijui kupanda na kushuka. Zipo programu za kijanja zinazobadilisha volti ya transista hiyo kufuata sauti, na baadhi ya redio za kiganjani zinawasemesha watu leo kwa njia hiyo, ingawa usafi wa sauti na wa mawimbi hupungua. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliondoa sharti la kimataifa la kufanyiwa mtihani wa Morse, na wengi wanaoingia sasa wanataka kuzungumza. Wanapoitazama redio ya Morse na kudai ya sauti iwe na kimo hicho hicho, wanadai kitu ambacho hata mbunifu wake hakuahidi. Mtindo wa kidijitali wa FT8 nao, wa kutumiana ujumbe mfupi kwa msaada wa kompyuta, uliotoka mwaka 2017, hurusha mfululizo kwa sekunde 12.64 katika kila kipindi cha sekunde 15, bila mapumziko ya kuvuta pumzi yanayoipoza transista ya msemaji. Aliyebana redio yake kwa ajili ya Morse atashangaa nusu saa baada ya kuanza FT8.

Koili nazo zina hesabu yake. Pete nyekundu ya unga wa chuma iitwayo T50-2 ina kipenyo cha milimita 12.7, na ndogo yake, T37-2, milimita 9.5. Ndizo zinazotumika zaidi katika vichujio vya wati chache. Unaweza kuzipanga zikigusana, na wengi hufanya hivyo wakitafuta nafasi. Lakini kichujio cha kutokea cha transmita kimewekwa pale kuzuia masafa ya mara mbili na mara tatu ya yale unayotumia: ukirusha kwenye megahezi 7, kuna kivuli chako kwenye 14 na kingine kwenye 21. Marekani inataka vivuli hivyo viwe chini kwa desibeli 43 au zaidi, yaani nguvu yake isizidi takriban sehemu moja katika elfu 20 ya nguvu halisi. Koili ya kwanza ya kichujio ikikaribiana mno na ya mwisho, kivuli huruka kutoka moja hadi nyingine kana kwamba kichujio hakipo, na kichujio kilichokokotolewa vizuri kwenye karatasi hushindwa ndani ya kasha. Upande wa kupokea ni vivyo hivyo: chipu ya kompyuta na skrini vikikaa milimita chache kutoka mlango wa antena, redio hujisikia yenyewe, na mnong'ono wa mtu wa mbali hupotea ndani ya kelele iliyozaliwa humo humo. Nafasi tupu ndani ya redio hufanya kazi. Wanaoiita upotevu hawajaipima.

Kuhusu antena, hapa ndipo napenda msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu ndipo ndoto ya mfukoni inapokutana na jiografia yetu. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa karibu mita 43. Antena ya nusu wimbi ni waya wa takriban mita 20, na hakuna chipu iliyowahi kuufupisha. Unaweza kutumia fimbo fupi yenye koili chini yake, na picha nyingi za redio za mfukoni huonyesha fimbo kama hiyo. Hesabu yake inasikitisha. Fimbo ya mita 2.5 kwenye megahezi 7 ina ukinzani wa mnururisho, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, wa omu moja na kidogo, na kama koili na ardhi vinakula omu 15, ambacho ni kiasi cha kawaida, basi chini ya asilimia 10 ya nguvu ndiyo inayotoka. Wati zako 5 zimekuwa chini ya nusu wati. Tena fimbo iliyosimama hurusha mawimbi yake kuelekea upeo wa macho, nasi shida yetu ya kila siku ni kinyume chake. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni takriban kilomita 265 kwa mstari wa moja kwa moja. Katikati kuna miinuko ya Kericho, Mau na kingo za Bonde la Ufa, kwa hiyo redio za mkononi za masafa ya juu haziwezi kuvuka bila kituo cha kurudishia mawimbi. Njia inayofaa mchana ni kupeleka wimbi karibu wima, likagonga tabaka la ionosfia lililo juu angani na kurudi chini kote Kenya, na kwa hilo unahitaji waya uliolala, mita 5 hadi 10 juu ya ardhi, kati ya mwembe na paa. Anayefanya hivyo tayari amebeba mita 20 za waya, kamba, kebo ya kuteremshia na betri. Betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampia 7 pekee ina zaidi ya kilo 2. Ukimpunguzia mtu huyo gramu 400 za redio, mzigo wake haubadiliki kwa namna atakayoihisi. Atakachohisi ni jinsi nobu ya kutafutia stesheni ilivyo ndogo mno kwa vidole vyenye jasho.

Wanaotaka kupunguza mzigo waanze na betri. Hapo ndipo kilo zilipo.

Halafu kuna radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi sana, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuelezwa. Kila mmweko hutoa kelele inayofika mamia ya kilomita katika masafa ya chini, na jioni za msimu wa mvua, bendi ya megahezi 7 hukatika-katika kila sekunde. Morse hupenya humo kwa sababu kichujio chake kinaweza kuwa chembamba, hezi 500 au chini. Sauti inahitaji zaidi ya hezi 2,000, kwa hiyo inabeba kelele mara nne au tano zaidi na inadai nguvu zaidi ili isikike. Ndiyo maana wati 5 zinazomtosha mtu wa Morse huko Ulaya, katika usiku tulivu wa baridi, hazimtoshi msemaji wa Kisumu mwezi wa Aprili. Anahitaji 20 ikiwezekana, na 20 hurudisha lile bamba la alumini tuliloliongelea.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu kuliko zote inahusu mafundi. Nimeisikia ikitolewa na watu makini: tusiseme vipuri vidogo havirekebishiki, maana katika vibanda vya simu vya Kondele na katikati ya mji kuna vijana wenye mashine ya hewa moto na darubini, ambao kila siku hung'oa chipu zenye miguu mingi kuliko Si5351 na kuzirudisha. Ni kweli, na ustadi wao ni hazina ambayo wanaridhaa hatujaitumia ipasavyo. Lakini tazama kinachowawezesha. Fundi wa simu ana rundo la simu mfu za aina ile ile chini ya meza yake. Kipuri kikikosekana hukitoa humo. Ana michoro inayozunguka miongoni mwa mafundi, na ana wateja kumi wenye tatizo lile lile, hivyo akilitatua mara moja amelitatua kwa wote. Redio ya ridhaa ya kimo cha kiganja ikiharibika Bungoma, hakuna nyingine mfu ya kuichinja. Kapasita ya milimita 1.6 kwa 0.8 haina maandishi juu yake. Ikiruka kutoka kwenye koleo imepotea, na aliyeipoteza hajui hata ilikuwa ya kiasi gani. Naye mwanaridhaa hakupewa leseni ili apeleke redio yake kwa fundi. Alipewa ili awe fundi. Kwa hiyo kibanda cha Kondele kinasaidia pale penye chipu moja au mbili ngumu, nasi tuwalipe vijana wale waziweke kwenye bodi ndogo za kuchomeka. Hakiwezi kuwa msingi wa redio nzima.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba udogo ni ushahidi wa ustadi, na mwenye kasha kubwa amebaki nyuma. Haisimami popote unapoigusa. Udogo wa redio za kisasa za kujiundia umetokana na mbunifu aliyekaa na programu ya kuchora bodi, na mashine ya kiwandani iliyobandika vipuri. Katika vifurushi vingi vya sasa, mnunuzi hukuta chipu zote zimekwisha kubandikwa, naye huzungusha koili na kulehemu soketi. Sina neno na mpango huo, unawaingiza watu. Ila sifa ya udogo si yake yeye aliyeiunganisha. Ustadi unaoweza kupimwa ni mwingine: je, mawimbi yake ni safi, je, masafa yake hayayumbi jua linapopiga kasha, je, akipewa redio iliyokufa anaweza kufuatilia sauti kutoka spika kurudi nyuma hadi antena na kusema imekatikia wapi? Mtu aliyejenga redio ya sentimita 20 na anajua kila volti iliyomo ndani yake amemzidi mbali aliyepokea ya sentimita 9 na kuiogopa kuifungua.

Kuna jambo lingine ambalo wabunifu wa mbali hawalifikirii, kwa kuwa kwao redio husikilizwa na mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni. Mto Nzoia ukivunja kingo kule Budalang'i, au Nyando ukifurika uwanda wa Kano, redio itakayowekwa shuleni au kanisani itasikilizwa na watu wengi kwa pamoja: chifu, mhudumu wa afya, mwenye boti, na mama anayetafuta jina la mwanawe. Inahitaji spika ya kweli, ya sentimita 8 au zaidi, yenye nafasi nyuma yake. Inahitaji nobu ambazo mtu asiyeijenga anaweza kuzisoma, zenye maandishi ya Kiswahili, na soketi ambazo hazichomoki mtu akijikwaa kwenye waya. Huenda aliyeiunda atakuwa Kisumu au amelala, na anayeitumia atakuwa mwalimu aliyefundishwa asubuhi ile. Menyu iliyofichwa nyuma ya kitufe kimoja kinachobonyezwa kwa muda mfupi, mrefu, au mara mbili haimfai mwalimu huyo. Kila kazi muhimu iwe na swichi yake, na swichi huchukua nafasi kwenye uso wa kasha.

Ukiyaweka haya yote pamoja, kimo cha redio hujitaja chenyewe. Uso wa mbele unaobeba skrini, nobu kubwa, swichi nne au tano, tundu la maiki na spika unataka upana wa karibu sentimita 20. Bamba la alumini la ukuta wa nyuma, likiwa nje ya kasha, linatosha kupoza wati 20 za sauti. Ndani, bodi zigawanywe: ya masafa, ya kupokea, ya kipaza nguvu, na ya vichujio, kila moja ikikaa kwenye skrubu zake na kuungwa na waya wenye urefu wa kutosha kuilaza kando ikiwa inafanya kazi. Chipu zisizopatikana kwa miguu mirefu ziwe juu ya vibodi vya kuchomeka kwenye soketi. Transista za mwisho zifungwe kwa skrubu mahali ambapo zinabadilishwa bila kung'oa bodi, kwa kuwa hizo ndizo zitakazokufa kwanza, antena ikikatika. Kasha lenyewe lisiagizwe kutoka nje. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanakunja bati na alumini kila siku, na wakipewa mchoro wenye vipimo watakunja kasha ambalo redio nzuri inahitaji, kwa unene unaohimili kusafirishwa kwenye boda boda.

Ndiyo maana nawaomba wale wanaopanga kuanzisha vikundi vya redio katika vyuo vyetu, Maseno, Masinde Muliro, Egerton na kwingineko, wakubaliane juu ya kasha na mpangilio wa bodi kabla ya kuagiza vifurushi. Kikundi chenye redio sita za aina sita, zote nzuri na zote za kiganjani, baada ya miaka miwili kitakuwa na redio mbili zinazofanya kazi na nne kwenye droo. Kikundi chenye redio sita zinazofanana kitakuwa na kile alicho nacho fundi wa simu: bodi ya kipaza nguvu ya redio moja itatibu nyingine, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalinganisha volti za redio nzima na za iliyokufa, na kosa likigunduliwa katika moja litarekebishwa katika zote. Kufanana huko kunawezekana tu kama kila bodi inaweza kutolewa na kurudishwa na mtu wa kawaida kwa zana za kawaida.

Baada ya hapo, mwenye kutaka kupanda Elgon na ajenge ya pili, ndogo kadiri atakavyo, ya Morse, ya bendi moja, ndani ya kopo lolote alipendalo. Atakuwa na redio kubwa nyumbani ya kuipimia.